Kuku wa Uani na Baridi ya Julai: Kinachoua Hasa ni Nini?

Kila mwisho wa Mei, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, yenye makao makuu Dagoretti Corner kando ya Ngong Road, hutoa utabiri wa Juni, Julai na Agosti. Redio huusoma, magazeti huuchapa, na wakazi wa Jamhuri, Woodley, Kibera na Kawangware hutafuta masweta yao. Wafugaji wa kuku wa uani nao huanza shughuli. Gunia hupigiliwa kwenye dirisha la banda, turubai hufunikwa juu ya wavu, na mwanya ulio chini ya mabati huzibwa kwa katoni. Ikifika Julai, hakuna hewa inayoingia wala kutoka. Wiki mbili baadaye kuku wanapiga chafya, macho yana povu, mayai yamepungua nusu, na mwenye kuku anamwambia muuzaji wa agroveti kwamba ni baridi.

Mara nyingi si baridi. Kuku mzima, mwenye manyoya kamili na tumbo lililoshiba, hana la kuogopa katika baridi ya Nairobi. Wanaokufa Julai huuawa na vitu vingine vinavyokuja pamoja na msimu huo: unyevu, hewa chafu, chakula kilichoota ukungu, na maradhi ambayo yangezuiwa mwezi Mei. Vifaranga peke yao ndio ambao baridi huwaua moja kwa moja, na kwao hesabu ni nyingine kabisa. Kuchanganya mahitaji ya makundi haya mawili ndiko kunakoharibu ufugaji wa uani mwaka baada ya mwaka.

Msimu wenyewe una sura ambayo mgeni hawezi kuikisia. Kituo cha Dagoretti kiko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Julai, alfajiri za kawaida hushuka hadi nyuzi 11 au 12 hivi, na mchana hupanda hadi nyuzi 21 au 22. Hakuna theluji, na barafu ya alfajiri si jambo la mtaa huu. Mvua pia ni kidogo. Julai ni miongoni mwa miezi yenye mvua chache zaidi mwakani Nairobi, milimita ishirini au pungufu kwa kawaida. Kinachokosekana ni jua. Upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hewa hiyo hupanda miinuko, na wingu zito la chini hutanda juu ya mji tangu asubuhi hadi mchana. Januari jua huonekana saa tisa hivi kwa siku, lakini Julai hupungua hadi saa nne hivi. Nguo haikauki kwenye kamba, ukuta wa mawe hautoi ubaridi wake, na sakafu ya banda iliyolowa wakati wa masika inabaki imelowa.

Hili la masika lina uzito. Msimu wa baridi haufuati ukame. Unafuata Machi, Aprili na Mei, miezi ya mvua nyingi. Mwaka 2024 mafuriko ya Aprili na Mei yaliivuruga Nairobi kwa wiki kadhaa, na yalipotulia, Juni ilikuwa imeshafika. Banda lililoingia maji Aprili halikupata juma zima la jua la kulikausha. Hata katika mwaka wa kawaida, uwanja wa nyuma ya nyumba Jamhuri, uliobanwa kati ya ukuta wa jirani, tangi la maji na vyumba vilivyoongezwa uani, hupata jua kidogo, na Julai hupata kidogo zaidi.

Sasa mtazame kuku. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hadi 42, juu ya la binadamu. Wataalamu hutaja nyuzi 18 hadi 24 kuwa kiwango ambacho kuku mzima hahitaji kujihangaisha. Ikishuka chini ya hapo, ana mbinu zake: hujivimbisha, na manyoya yaliyoinuka hushika hewa iliyopashwa na mwili, hujikunyata juu ya fito na kufunika vidole kwa manyoya ya tumbo, huchomeka kichwa chini ya bawa, hula zaidi. Mbinu hizi zinatosha sana. Limuru, mwendo wa kilomita thelathini hivi kutoka hapa na juu ya mita 2,200, kuku wapo tele. Kaskazini mwa Marekani na nchini Canada kuku wa uani huvumilia majira ambayo joto hushuka mbali chini ya sifuri.

Mbinu hizo zina sharti moja: manyoya yawe makavu. Nyoya lililolowa halishiki hewa, na kuku aliyelowa alfajiri ya nyuzi 11 hupoteza joto kwa kasi ambayo chakula hakiwezi kuifidia.

Unyevu wa banda unatoka wapi, ikiwa mvua ni chache? Unatoka kwa kuku wenyewe. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 130 kwa siku na kunywa maji karibu maradufu ya uzito huo. Sehemu ya maji hayo huingia kwenye yai, na mengi yaliyobaki hurudi bandani kupitia pumzi na kinyesi. Kinyesi kibichi cha kuku mmoja kwa siku ni gramu mia moja na zaidi, na robo tatu hivi ya uzito wake ni maji. Kuku kumi na watano, idadi ya kawaida katika ua wa Jamhuri, humwaga sakafuni karibu kilo mbili kila siku. Mwanya wa juu ukiwa wazi, mvuke hupanda na kutoka. Ukizibwa, mvuke hugonga mabati baridi, hugeuka matone, na kuwadondokea kuku usiku kucha. Mwenye nyumba akiingia asubuhi na kukuta mgongo wa kuku umelowa, hudhani bati linavuja.

Kinyesi kilicholowa huleta amonia. Vijidudu huvunja asidi ya mkojo iliyo ndani yake na kutoa gesi hiyo kali, nao hufanya kazi vizuri zaidi penye majimaji. Kiwango kinachokubalika katika ufugaji ni kisichozidi sehemu 25 za amonia katika sehemu milioni za hewa, na juu ya hapo nywele ndogo sana zinazosafisha koo la kuku huanza kulemaa. Nywele hizo ndizo zinazosukuma nje vumbi na vimelea. Zikilemaa, vijidudu ambavyo kuku aliishi navyo miezi mingi bila taabu hupata njia: maikoplazma inayoleta ugonjwa sugu wa mapafu, mafua ya kuku yanayovimbisha uso na kunuka, na bakteria wa kawaida wa utumbo, E. koli, wanaofuata nyuma yao. Kipimo hakihitaji mashine. Mtu achuchumae alfajiri kabla ya kufungua mlango, pua yake ikiwa kwenye kimo cha fito, avute pumzi kwa dakika moja. Macho yakiwasha, kuku wamelala humo saa kumi na mbili.

Dawa ya tatizo hili ni rahisi, ingawa inawapa wengi hofu: fungua juu, ziba chini. Upepo unaompiga kuku aliyelala ni hatari. Hewa inayopita juu ya kichwa chake ni uhai. Kwa hiyo ukuta uwe mzima kuanzia sakafuni hadi juu kidogo ya fito, na mwanya wa wavu ubaki wazi chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, mchana na usiku, Julai yote. Fikra hii haikuzaliwa katika nchi za joto. Mwaka 1924 daktari mmoja Mmarekani, Prince T. Woods, alichapisha kitabu kuhusu mabanda ya kuku yenye hewa safi, akitetea nyumba ambazo upande mmoja wake una wavu tu, majira ya theluji nzito yakiwemo. Kuku wake walikuwa salama kwa sababu walilala ndani kabisa, mbali na upande ulio wazi, mahali pakavu pasipo upepo. Ikiwa banda wazi lilifaa kwenye theluji, nyuzi 11 za Dagoretti haziwezi kuwa hoja ya kuziba kila tundu.

Upande upi uwe wazi? Hapa ushauri mwingi unaosambazwa huwapoteza watu, kwa kuwa umeandikwa na wakazi wa nchi za mbali. Vitabu vya Uingereza na Marekani husema banda litazame kusini, na kwao ni kweli, maana jua lao la majira ya baridi liko kusini. Nairobi iko digrii moja na ushee kusini mwa ikweta, na mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri huinama kama digrii 25 upande wa kaskazini. Banda linalotazama kaskazini hupata miali yote michache inayopenya wingu, na mgongo wake hukinga upepo unaotoka kusini mashariki. Anayejenga upya azingatie hilo. Aliye na banda tayari anaweza angalau kuhamisha turubai: litoke kaskazini, liende kusini mashariki.

Sakafu nayo ina lake. Maranda ya mbao ndiyo matandiko bora yanayopatikana mtaani, na Jamhuri ina bahati, kwani mafundi wa fanicha wa Ngong Road huyatoa kwa magunia. Ni vizuri kuchagua. Maranda makubwa ya randa yanafaa. Vumbi laini la msumeno huingia mapafuni, na mabaki ya mbao zilizotiwa dawa au mbao za kubandikwa kwa gundi hayafai kabisa. Tabaka la sentimita kumi hivi, likigeuzwa kwa reki kila siku mbili tatu, hunyonya majimaji na kuyaachia hewani. Ukikamata konzi moja na kuifinya, maranda mazuri hushikana kidogo kisha huachana. Yakibaki donge, yaondolewe siku hiyo hiyo, hasa yale yaliyo karibu na chombo cha maji. Kosa la kawaida ni kufagia banda hadi saruji Mei ili liwe safi, kisha kuwaacha kuku walale juu ya saruji baridi hadi Septemba.

Kuhusu fito, neno moja linatosha: ziwe pana, sentimita tano hivi, upande bapa juu, ili vidole vifunikwe. Bomba la chuma ni baya kuliko vyote.

Kwa vifaranga mambo hugeuka. Kifaranga wa siku moja ana malaika tu, hana manyoya, na mwili wake hauwezi kujitunzia joto. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35 pale alipo, kisha joto lishushwe kama nyuzi tatu kila wiki hadi zifike 21 hivi. Katika Februari ya Nairobi mchana wenyewe husaidia, lakini Julai usiku una upungufu wa nyuzi zaidi ya ishirini unaohitaji kufidiwa, na kifaranga akipoa kwa saa chache huacha kula, kitovu chake hakikauki vizuri, na kuhara huanza. Aliyezoea kulea vifaranga mia kwa taa moja Februari akifanya hivyo hivyo Julai, asubuhi huwakuta wamerundikana kwenye kona, waliokuwa chini wamekosa hewa. Vifaranga wenyewe ndio kipimajoto cha uhakika: wakijazana chini ya taa, wana baridi, wakikimbilia ukingoni huku wakitweta, wamezidiwa na joto, wakitawanyika na kudonoa, wako sawa.

Swali gumu ni chanzo cha joto. Taa nyekundu ya wati 250 ni safi na rahisi kutumia, lakini inategemea stima. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilikatika karibu nchi nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani hadi kesho yake. Ulikuwa bado msimu wa baridi. Mfugaji yeyote mwenye vifaranga wa wiki moja usiku ule alihitaji njia ya pili, na njia ya pili ya wengi ni jiko la makaa.

Jiko la makaa ni mwenzi hatari. Makaa yakiungua penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo haibagui. Huua vifaranga waliofunikwa turubai kama inavyoua watu wanaolala na jiko chumbani, jambo linalosikika Nairobi karibu kila msimu wa baridi. Kulea vifaranga jikoni au chumbani kwa jiko linalowaka usiku kucha ni kuhatarisha familia nzima. Jiko likitumika, liwashwe nje hadi moshi uishe, liingizwe penye mwanya wa juu ulio wazi, na lizungushiwe wavu. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa ni akiba nzuri ya dharura kwa vifaranga ishirini au thelathini.

Kuna pia njia isiyotumia moto wala stima. Huko Jimma, Ethiopia, watafiti walifanyia kazi sanduku la kulelea lililojazwa nyasi kavu kandokando, na kifuniko kinachopitisha hewa. Vifaranga huingia humo usiku, na joto la miili yao wenyewe, likizuiwa na nyasi lisipotee, huwatosha. Mchana hutoka kula. Nyanda za juu za Ethiopia zina baridi kama ya Nairobi au zaidi. Sanduku hilo haliwafai vifaranga mia tano, lakini mfugaji wa uani hana mia tano. Inasikitisha kwamba kitu rahisi hivi, kinachotengenezwa na fundi yeyote wa mbao, hakijaenea mitaani kwetu.

Na bado kuna uamuzi ulio bora kuliko vifaa vyote hivi: kutoleta vifaranga wa siku moja kati ya Juni na Agosti. Anayetaka kundi jipya anunue Machi, ili ifikapo Juni wawe na miezi mitatu na manyoya kamili, au asubiri Septemba. Asiye na subira anunue waliokwisha kulelewa, wa wiki sita au nane; bei yao ni kubwa, lakini wamepita hatari.

Mayai nayo hupungua Julai, na sababu inayotajwa sana ni ile iliyoazimwa kutoka kaskazini mwa dunia: siku fupi. London, Desemba, mwanga wa mchana haufiki saa nane, na kuku anayehitaji saa 14 hadi 16 za mwanga ili atage vizuri hunyamaza. Nairobi tofauti ya urefu wa siku kati ya Juni na Desemba haifiki hata dakika kumi na tano. Taa ya ziada ya saa mbili alfajiri inaweza kuongeza mayai mwezi wowote wa mwaka, kwa kuwa saa kumi na mbili za ikweta ni chini ya kiwango hicho daima, lakini haiwezi kuwa jibu la tatizo la Julai pekee. Hapa mayai hupungua kwa sababu chakula kimegawanywa: sehemu iliyokuwa ya yai inatumika kupasha mwili joto. Kiasi kile kile cha Februari hakitoshi tena. Konzi ya mahindi yaliyoparazwa jioni, kabla ya kuku kupanda fito, husaidia, maana usagaji wa tumboni hutoa joto usiku. Mahindi peke yake hayajengi yai, hivyo omena au chanzo kingine cha protini kisipunguzwe ili kuyapisha. Maji yabadilishwe asubuhi, yawe vuguvugu, kwa kuwa kuku hapendi maji baridi, na asiyekunywa hali wala hatagi.

Chakula hicho kina adui wake ndani ya gunia. Ukungu aina ya Aspagilasi hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Dunia iliitambua kupitia ndege: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu hiyo. Kenya inaijua kwa uchungu wake yenyewe, kwani mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125 mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui. Kwa kuku, kiasi kidogo kinachoingia kila siku huchosha ini, hudhoofisha kinga na kupunguza mayai bila dalili ya wazi. Sumu ikishaingia, kuanika gunia juani hakuiondoi. Kwa hiyo Julai si mwezi wa kununua chakula cha miezi miwili kwa kuwa bei ni nzuri. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, na lililopata ukungu litupwe. Kumlisha kuku mahindi yaliyokataliwa mezani ni mazoea mabaya yanayorudi kwa mwenye nyumba ndani ya yai na nyama.

Mbegu za kuku pia hazilingani. Kuku wa kienyeji walioboreshwa na KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, pamoja na Kuroiler wenye asili ya India, wana manyoya ya kutosha. Kuchi wa Lamu na Zanzibar, mrefu na mwenye manyoya haba yaliyobana, aliumbika kwa pwani. Kishingo ana shingo tupu inayotoa joto, sifa njema Mombasa na mzigo Dagoretti. Kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja kwenda mbele, hawezi kushika hewa vizuri. Hawa wapewe sehemu ya ndani ya banda. Wapewe pia nafasi hiyo kuku wanaobadili manyoya.

Kisha kuna kideri, ambacho wengi Nairobi hukiita Newcastle kwa jina la mji wa Uingereza kilikotambuliwa mwaka 1926. Hakuna ugonjwa unaofuta kundi la uani kwa kasi kama huu: kuhara kijani, kuhema mdomo wazi, shingo kupinda, na katika kundi lisilochanjwa vifo vinaweza kufika tisa kati ya kumi au wote. Kirusi chake huishi muda mrefu zaidi nje ya mwili penye ubaridi na pasipo jua, na binadamu hukisafirisha wenyewe, kwa viatu, kwa kreti za mayai, na kwa kuku aliyeuzwa upesi kwa sababu alionekana mchovu. Hakina tiba. Shubiri, pilipili na kitunguu saumu kwenye maji havikiponyi, na mfugaji anayeahirisha chanjo kwa kuvitegemea hupoteza kuku wote.

Chanjo ipo, na hutengenezwa hapa hapa nchini na taasisi ya umma ya KEVEVAPI. Iko pia aina inayostahimili joto, iliyotokana na kirusi dhaifu cha I-2 kilichokuzwa Queensland, Australia, ambayo Tanzania imekuwa ikiitengeneza kwa ajili ya kuku wa vijijini. Tone moja jichoni, likirudiwa kila miezi mitatu au minne. Kinga huhitaji wiki moja hadi mbili kujijenga, na kuku aliyekwisha kuugua hapaswi kuchanjwa. Ndiyo maana tarehe ina maana kuliko bei. Anayechanja kwa maji akumbuke kwamba maji ya mfereji wa Nairobi yana klorini inayoua chanjo. Atumie maji ya mvua au ya kisima, au achanganye maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwanza. Na baridi ya Julai si badala ya barafu: chanjo ya kawaida hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, hata siku ya mawingu.

Kikwazo cha kweli ni chupa. Chanjo hufungwa kwa dozi 50, 100 au zaidi, na ikishachanganywa hudumu kama saa mbili tu. Mwenye kuku wanane hununua dozi 100, hutumia nane na kumwaga zilizobaki, au huona ni hasara na hachanji kabisa. Mfumo umeundwa kwa ajili ya mfugaji mkubwa, ilhali sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya kuku wa kienyeji milioni 30 nchini, kundi kubwa kuliko kuku wote wa kisasa wa nyama na mayai kwa pamoja, na wengi wao wamo katika makundi madogo kama haya.

Pengo hilo la chanjo hujazwa na antibayotiki. Kuku wakianza kukoroma Julai, mfuko wa tetrasaiklini hununuliwa bila daktari wa mifugo kuona chochote, hutiwa kwenye maji kwa siku mbili, kisha huachwa. Dawa hiyo haiui kirusi, na mayai ya siku hizo huliwa nyumbani. Watafiti wa ILRI, taasisi ya mifugo iliyoko Uthiru, magharibi mwa mji huu huu, walichunguza bakteria katika kaya 99 za Nairobi, kwa watu na kwa mifugo yao, na kukuta namna vijidudu na jeni za usugu wa dawa zinavyoonekana katika pande zote mbili. Kuku wanaoingizwa jikoni usiku kwa kuhurumiwa baridi hukaza uhusiano huo zaidi, hasa penye watoto wanaotambaa.

Kaunti haiwezi kusema haijui. Utafiti wa Mazingira Institute wa mwaka 1985 ulionyesha kwamba wakazi wengi wa miji ya Kenya walikuwa wakilima na kufuga, wakati kanuni za mji zikiwatazama kama wavunja sheria. Ilichukua miaka thelathini hadi Bunge la Kaunti ya Nairobi lilipopitisha sheria ya kilimo cha mjini ya 2015, iliyokitambua na kukiwekea masharti. Kutambuliwa kulikuwa hatua njema, lakini mfugaji wa uani anahitaji mchanjaji anayepita mtaani Mei na Agosti akiwa na kikasha cha barafu, kama wahudumu wa afya ya jamii wanavyopita kwa watoto. Hata malalamiko ya majirani kuhusu harufu, yanayowafikisha wengi kwa maafisa wa afya, yangepungua kwa ushauri mmoja tu wa hewa na maranda.

Jamhuri ina uwanja wa maonyesho wa ASK, chama cha kilimo cha Kenya ambacho mizizi yake ni ya 1901, na kila mwaka maonyesho ya Nairobi hukusanya humo wataalamu wa kuku, mbegu bora na watengenezaji wa chanjo. Hufanyika mwishoni mwa Septemba au karibu na hapo, baridi ikiwa imeshachukua iliowachukua. Siku moja tu ya chanjo katika uwanja huo huo mwezi Mei ingewafaa wakazi wa mitaa inayouzunguka kuliko medali nyingi za Septemba, na ni jambo ambalo ASK na kaunti wanaweza kulipanga bila jengo jipya wala sheria mpya.

Hadi hapo, kazi ni ya wafugaji wenyewe. Mwenye kuku Jamhuri, Woodley au Kawangware apige hodi kwa majirani katikati ya Mei. Kaya kumi zenye kuku kumi kumi hutosha chupa moja ya dozi 100. Wachange, wakubaliane asubuhi moja ya Jumamosi, wachanje wote ndani ya saa mbili, na waandike tarehe ya marudio, ambayo itaangukia mwisho wa Agosti.